Gobori la Kapembe na Msasa wa Mkwe

Cha kale kikisuguliwa huwa cha jana. Ndivyo alivyoambiwa Mihambo asubuhi hii alipokamata randa na kukiinamia kigoda cha bibi yake ili akitoe weusi, naye badala ya kuiweka randa chini akauliza maneno hayo yametoka wapi. Na ninyi wengine mkadakia, yametoka wapi, yametoka wapi, kana kwamba methali huokotwa njiani. Haya, kaeni. Anayechezea simu aitie mfukoni. Neno hilo lilizaliwa hapahapa Itobela, kwa uchungu mwingi na kwa upuuzi mwingi zaidi, na lilianza namna hii.

Alikuwapo mjane mmoja aitwaye Nyamizi, mwanamke wa maneno machache na hasira nyingi, ambazo alizikunja vizuri kama kanga za sikukuu. Ndani ya nyumba yake, juu ya kitanda, lilining'inia gobori la Kapembe, babu wa baba yake. Kapembe alikuwa kirangozi, yaani mtu anayetangulia mbele ya msafara kutoka Unyamwezi hadi pwani, mwenye kuijua njia, maji na maadui. Kila aliporudi salama alichukua kisu akakata mkato mmoja kwenye kitako cha gobori lake. Mikato ilikuwa kumi na mmoja. Safari moja kitako kilipasuka wakivuka mto, naye akakishonea ngozi mbichi ya nyati, ikakauka ikabana hata msumari usingebana vile. Mtutu ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia kwa uzee, na kwenye mtambo wake, pale jiwe linapogonga, palikuwa na muhuri mdogo wa waliolitengeneza huko ng'ambo, maandishi ambayo hapa Itobela hakuna aliyewahi kuyasoma.

Nyamizi hakulipenda gobori hilo kwa sababu ya uzuri. Halikuwa na uzuri wowote. Alilipenda kwa sababu ya Lusangija.

Lusangija alikuwa jirani, mzee mwenye sauti ya zumari, na kwa miaka arobaini alikuwa akisema jambo moja tu: kwamba Kapembe hakuwa kirangozi, alikuwa mbeba masufuria wa kirangozi. Alilisema misibani, akalisema harusini, akalisema kisimani watu wakiwa na kiu. Kirangozi wa kweli, alidai, alikuwa babu yake yeye Lusangija. Na kila aliposema, Nyamizi aliingia ndani, akatoa gobori, akamshikisha kitako. "Hesabu," humwambia. Lusangija huhesabu kwa kidole, mmoja, wawili, hadi kumi na mmoja, kisha hucheka na kusema huenda ni idadi ya masufuria. Lakini siku hiyo haongezi neno. Mikato ilikuwa imemshinda.

Sasa ikaja barua. Watu wa makumbusho walikuwa wanaandaa chumba cha misafara ya zamani, wakataka gobori moja kutoka upande huu wa Unyamwezi. Moja tu. Chini yake wangeandika jina la aliyelibeba na kazi aliyoifanya, nalo jina lingekaa ukutani wajukuu wa wajukuu walisome. Mtaalamu wao, aliyekwisha kuandikiwa habari za ile mikato, angefika Jumanne kuliangalia la Kapembe. Nyamizi alisomewa barua hiyo mara tatu. Mara ya tatu aliomba kipande kile cha jina kirudiwe peke yake. Hakuwa anatamani kitu kingine duniani ila hicho: jina la Kapembe liandikwe na mtu asiye wa Itobela, kwa wino, na Lusangija akalitazame.

Jumapili jioni akawakusanya watu wa nyumba yake. "Mgeni anakuja," akasema. "Masufuria yasuguliwe kwa mchanga mpaka mtu ajione meno. Kuta zipakwe chokaa. Sitaki mgeni akute kitu chenye masizi wala kutu hapa kwangu."

Maneno hayo aliyasema yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Mkumbuke hilo, maana yeye hakulisahau hadi anakufa.

Miongoni mwa waliosikia alikuwapo mkwewe, Sizya, mume wa binti yake Kalunde. Sizya alikuwa fundi baiskeli, na si mtu mbaya. Ndiyo shida yenyewe. Angekuwa mbaya angefukuzwa. Alikuwa mwema, mchapakazi, na hakuweza kukiona kitu kizee akakiacha. Mlango wa Nyamizi ulikuwa ukilia kwa miaka ishirini, na kwa kilio hicho alijua nani anaingia na nani anatoka. Sizya akaupaka grisi, na wiki hiyohiyo mwizi akaingia akabeba debe la asali bila kumwamsha hata paka. Mtungi wa maji ulikuwa ukitoa jasho, na kwa jasho hilo maji yalikuwa baridi. Sizya akauziba kwa lami, watu wakanywa maji yenye ladha ya barabara. Kila mara alisimama pembeni akisubiri sifa, anatabasamu, mikono nyuma.

Na Nyamizi angemwambia nini? Desturi yetu ya wakwe mnaijua. Mama mkwe hamkemei mkwewe, hamtaji jina, hamkazii macho. Akimfokea mbele ya watu amejivunjia heshima, na wazee humtoza mbuzi. Kwa hiyo kwa miaka tisa Nyamizi alikuwa akisema, "Ahsante, mkwe," kisha anakwenda nyuma ya nyumba kuzungumza na mihogo.

Jumatatu asubuhi alibeba mpunga wake kwenda mashineni, kijiji cha pili, mgeni apate kula wali. Kalunde alibaki anapaka chokaa. Sizya akamwuliza mkewe, lile gobori lina kutu, mama amesemaje juu ya kutu? Kalunde, mikono imejaa chokaa, akili iko ukutani, akasema mama hataki kutu. Akaingia chumbani mwa mama yake ambamo mkwe haruhusiwi kuingia, akalitungua gobori, akamkabidhi mumewe mlangoni. Kisha akachukua ndoo, akaenda kisimani. Hivyo ndivyo mambo makubwa yanavyoharibika, wajukuu, kwa mtu mwenye haraka na ndoo.

Nyamizi aliporudi adhuhuri, kikapu cha mchele kichwani, alimkuta Sizya ameketi kwenye kivuli cha nyumba na vifaa vyake vyote vya baiskeli. Mtutu ulikuwa umeshamalizika. Alikuwa ameuchovya kwenye mafuta ya taa, akausugua kwa msasa mkali, kisha msasa laini, ukawa mweupe kama kijiko kipya. Kisha akaupiga rangi nyeusi ya baiskeli, mikono mitatu, na kuuzungushia mistari ya dhahabu kama anavyoizungushia baiskeli ya bwana harusi. Na pembeni, kwa herufi zake nzuri zilizolala kidogo, alikuwa ameandika kwa dhahabu: KAPEMBE – SAFARI NJEMA.

Ile ngozi ya nyati aliikata. Mbwa alikuwa anaitafuna kando yake. Mahali pake Sizya alikuwa amefunga bati jipya la kopo la maziwa, limekunjwa kwa ustadi.

Lakini kitako kilikuwa bado hakijamalizika. Nyamizi aliona kwa macho yake. Msasa ulikuwa umeshapita juu ya mikato minane, pamelainika kama shavu la mtoto. Mitatu ilikuwa bado ipo. Mitatu! Mkono wa Sizya ulikuwa unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, unaikaribia.

Hapo ndipo angepiga kelele. Mngekuwa ninyi mngepiga, hamna haya. Nyamizi alifungua mdomo, na ndani ya mdomo huo yakajaa maneno ya miaka tisa, na nyuma ya maneno ikasimama desturi yote ya mama yake na bibi yake. Akaufunga. Akatazama huku na huku, akamwona kuku anaparua karibu na miguu ya Sizya.

"We kuku!" akasema kwa sauti ya kutetemeka. "Acha kuparua vya watu! Nani amekutuma? Waliokutangulia hawakuwa na kucha?"

Sizya akainua kichwa, akainuka kwa heshima, macho chini. "Shikamoo, mama. Pole na safari." Akamfukuza kuku. Akaketi, akaendelea kusugua.

Mikato miwili.

"Kuku huyu hasikii!" Nyamizi akalia. "Ameambiwa aache na bado anaparua! Atamaliza urithi wa watu huyu!"

"Kweli mama, msumbufu sana," akasema Sizya kwa huruma ya kweli. "Nikimaliza hapa nitakujengea banda lake."

Nyamizi akatua mchele chini, akashika njia ya kisimani akikimbia, mwanamke wa miaka sitini na kitu, ili amlete Kalunde, kwa kuwa mke ndiye mwenye ruhusa ya kumwambia mumewe acha. Alimkuta Kalunde anapiga soga. Walipofika nyumbani, mmoja anahema na mwingine anauliza kuna nini, kitako kilikuwa kimeshapakwa vanishi. Kinang'aa. Kinanata. Na Sizya amesimama pembeni, mikono nyuma, anatabasamu.

"Ahsante, mkwe," akasema Nyamizi. Kisha akaenda kwa mihogo, na siku hiyo mihogo ilisikia mambo.

Jumanne mgeni akafika. Jina lake Bwana Mwinshehe, Mzaramo, kwa hiyo mtani wetu tangu enzi za hiyo misafara yenyewe, na alianza utani kabla ya kushuka kwenye gari. Akasema amekuja kuangalia kama Wanyamwezi wamerudisha mizigo yote waliyobebeshwa na babu zake. Akaambiwa mizigo imerudi, iliyobaki ni adabu ya Wazaramo, hiyo ilipotea njiani. Watu wakacheka. Lusangija naye alikuwa amekuja na kigoda chake mwenyewe, amekaa mbele kabisa. Nyamizi peke yake hakucheka. Alikuwa ameomba usiku kucha kwamba labda watu wa mjini wanapenda vitu vinavyong'aa.

Gobori likaletwa limefungwa kwenye kanga. Bwana Mwinshehe akavaa glovu nyeupe, akafungua kanga, na utani ukamkauka mdomoni. Akaligeuza. Akapitisha kidole kwenye mtambo, mahali pa muhuri. Akanusa kitako.

"Mama," akauliza taratibu, "nani amelifanya hivi?"

"Ni mimi, bwana," akasema Sizya kwa furaha. "Mtutu nimeupiga mikono mitatu. Hiyo rangi mvua ya masika haiitoi."

"Naona," akasema mgeni. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kama mtu anayetumaini kuwa kosa liko kwenye miwani. "Ndugu yangu, mtutu wa zamani hujipaka rangi wenyewe. Unachukua miaka mia na zaidi, na rangi hiyo haiuzwi dukani. Kwa rangi hiyo sisi tunajua kwamba hiki ni kitu cha kweli. Kitako huingiwa na jasho la mikono ya aliyekishika. Muhuri hutuambia limetoka wapi na mwaka gani. Sasa hapa muhuri umebaki kivuli. Jasho limeondoka na msasa. Mikato niliyoandikiwa iko wapi?"

"Huko porini wapo mafundi wanaotengeneza magobori kwa mabomba ya maji," akaendelea. "Wanayasugua, wanayapaka rangi, wanatuletea wakiapa ni ya babu zao. Juzi gobori hili lilikuwa na thamani ya ng'ombe kumi, na wakubwa wangu wangetoa bila kunung'unika. Leo nikiwapelekea wataniuliza ni baiskeli ya nani."

Nyamizi akashika nguzo ya nyumba.

Na hapo Sizya, Mungu amrehemu, akaona njia ya kusaidia. "Mikato si tatizo, bwana," akasema. "Ilikuwa kumi na mmoja. Tindo ninayo. Kabla hujamaliza chai nitakuwa nimeichonga yote upya. Hata ukitaka kumi na mitano."

Hata Lusangija, wazee walisema, akaacha kutafuna ugoro wake.

"Sizya," akasema Nyamizi.

Watu wakashtuka. Alikuwa amemtaja jina. Na alikuwa anamtazama usoni, jicho kwa jicho, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mahari.

"Sizya, mtu yule alikwenda pwani kwa miguu mara kumi na moja ili mikato ile iwepo. Miguu yake ilioza njiani. Alizika wenzake njiani. Wewe umekwenda na msasa mara moja, umekaa kivulini. Sasa unataka kumchongea safari? Usichonge! Usipake! Usiguse kitu changu tena mpaka nife, na nikifa usinioshe, nizikwe na uchafu wangu nijulikane ni mimi!"

Sizya alitazama mikono yake. Tabasamu lilikuwa limemtoka, na bila tabasamu hilo alionekana mtoto. "Nilitaka mgeni akuheshimu, mama," akasema.

"Najua," akasema Nyamizi, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Lusangija akainuka kwenye kigoda chake. "Bwana mgeni," akasema, na sauti yake ya zumari ikawa ndogo, "mwandike Kapembe. Alikuwa kirangozi. Mikato ilikuwa kumi na mmoja, nimeihesabu mimi kwa kidole hiki miaka arobaini. Yale ya masufuria nilikuwa natania tu."

Nyamizi akamgeukia. Miaka arobaini alikuwa akiyasubiri maneno hayo, na sasa yamekuja wakati hayana kazi. Laiti angeyasema Jumapili, mikato ikiwa bado ipo!

Bwana Mwinshehe akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Nakuamini, mzee. Lakini mimi ninaandika ninachokiona. Nikiandika ninachoambiwa, kesho na yule wa bomba la maji nitamwandika." Akatoa daftari, na kwa kuwa Nyamizi alimwomba asome alichoandika, akasoma. "Gobori moja. Mwenyewe hajulikani. Limetengenezwa karibuni."

Akauliza kama kijijini kuna jingine. Watu wakatazamana, kisha wakamtazama Lusangija. Ndiyo, lilikuwapo la babu yake. Lilikuwa komeo la zizi la mbuzi. Hakuna aliyewahi kulipangusa tangu babu huyo alipofariki. Likaletwa na mavi ya mbuzi yake, kahawia, limepinda kidogo, na kwenye kitako, chini ya uchafu, mikato minne. Minne! Mgeni akalipokea kwa mikono miwili, akasoma muhuri kwa sauti, na macho yake yakang'aa. Lusangija mwenyewe aliona aibu kulitoa, akawa anatazama pembeni. Jina la babu yake ndilo lililokwenda ukutani.

Na kama hayo hayatoshi, wiki iliyofuata wazee wakakaa kikao kuhusu mama mkwe aliyemfokea mkwewe hadharani. Sizya akasimama akasema yeye hakutukanwa, aliambiwa ukweli, mbuzi hamtaki. Wazee wakasema desturi haimuulizi anataka nini. Nyamizi akatoa mbuzi. Kwa hiyo thamani ya gobori imekwenda, jina limekwenda, na mbuzi amekwenda, na kuku aliyeambiwa yote bado anaparua.

Gobori alilirudisha palepale juu ya kitanda, kwa kuwa alikuwa hana mahali pengine pa kuliweka. Miaka ikapita, Lusangija akafa, na kizazi kilichoiona ile mikato kikaanza kupungua. Siku moja mtoto wa mwisho wa Kalunde, msichana wa miaka sita, alikuja kulala kwa bibi yake. Akasimama kitandani akaishika ile mistari ya dhahabu, macho yamemtoka kwa kuipenda.

"Bibi," akasema, "bunduki yako nzuri! Umeinunua lini?"

Nyamizi alimtazama mtoto, akamtazama na Kapembe wa herufi za kulala. Ingemchukua usiku mzima kueleza, na mwisho wake mtoto angesema, nionyeshe basi hiyo mikato.

"Jana," akamjibu.

Mtoto akaenda kuwaambia wenzake kwamba bibi amenunua bunduki jana, wenzake wakawaambia wazazi wao, na watu wazima waliposikia hawakuweza kucheka. Tangu siku hiyo mtu wa Itobela akimwona mwenzake anakitolea msasa kitu alichokikuta, humwambia: cha kale kikisuguliwa huwa cha jana.